Ufunguo wa Gari la Mahabusu

Mheshimiwa mgeni rasmi, makamanda wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama uliyekaa mstari wa mbele: nawasalimu nyote. Dereva, zima injini uniletee ufunguo. Ngurumo hiyo inanitia kiwewe.

Mimi kama mkuu wa kituo hiki nimeambiwa nilisifu gari letu jipya la kubebea mahabusu. Nalisifu: rangi inang'aa, taa zinawaka, na kiti cha dereva kina mkanda. Lakini jana nilipanda nyuma, nikapapasa lile benchi la chuma kama mtu aliyeangusha hereni, nikitafuta mkanda wa mahabusu. Haupo. Nilipouliza nikajibiwa, "Afande, mikanda itafungwa baadaye." Baadaye ya lini?

Ndugu zangu, kituoni hapa palikuwa na mchezo. Mahabusu akiwa na maneno mengi, dereva alikanyaga breki ghafla, watu wa nyuma wakaangukiana, askari wa mbele wakacheka. Waliuita kukoroga uji. Siku moja uji ulikorogwa akiwemo fundi cherehani, pingu mgongoni, hana pa kujishikia. Shtaka lake lilifutwa wiki ile ile, ila miguu haikumrudia. Sasa yeye anakata vitambaa, na mama yake ndiye anayekanyaga cherehani. Nilipokwenda kumpa pole, mama huyu aliyekaa mstari wa mbele aliniambia, "Mwanangu, pole nimezipata nyingi. Nataka mwenzake akipanda, afike."

Nani kati yetu atambishia? Kanuni zenyewe ni fupi: pingu mbele, mkanda kwa kila mtu, askari akae nao nyuma, na mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Mshtakiwa si gunia la mkaa. Leo kwake, kesho kwako.

Mahabusu wa leo wanasubiri kupelekwa mahakamani. Watakwenda na basi dogo lililowaleta ninyi wageni, maana lina mikanda. Najua nitaitwa kujieleza. Naogopa. Hata hivyo utepe wa uzinduzi haukatwi bado.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, tupande nyuma mimi na wewe, mikono mgongoni, tuzunguke uwanja mara moja. Dereva nitamwazima ufunguo. Tukishuka ukasema hivi hivi inatosha, nitakukabidhi ufunguo huo pamoja na cheo changu.

Asanteni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mheshimiwa, mlango wa nyuma uko wazi. Mama atakushikia koti.