Bajaji ya Gridi Ilivyozima Relini

Kijiwe chetu cha Kimamba kiko ubavuni mwa stesheni, na asubuhi ile tulikunywa kahawa macho chini. Jana umeme ulikatika mtaa mzima isipokuwa kwa Optatus, tunayemwita Gridi. Ana bajaji ya umeme na inveta. Anapitisha waya dirishani, betri ya bajaji inawasha nyumba. Tukajazana sebuleni kwake kuangalia mpira. Umeisha tu, jirani yake Magreti akashikwa uchungu, mumewe Lupakisyo yuko shambani Lumuma. Gridi akampakia mbio kumwahisha zahanati, sisi nyuma kwa miguu; kufika kwenye tuta la reli, bajaji ikazima. Tukaisukuma wee, tope likakataa. Magreti akajifungulia humo humo, kina mama wamezungushia khanga, sisi tumegeukia mkonge. Mama na mtoto wazima, lakini aibu, jamani, aibu!

— Kosa ni sifa, akaanza Yassin, Profesa wetu aliyeishia la saba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tuliisifia mno ile bajaji.

— Toka hapa! Bajaji inagema? akafoka Mzee Bonifas, mstaafu wa reli. Lile tuta lina sumaku. Treni zimepita pale tangu sijazaliwa, chuma kimenyonya chaji yote.

— Kwa heshima yako mzee, hapana, akasema Profesa. Ile imetoka China. Sisi huku tunashangilia, kule watu wamelala fofofo. Betri inafuata saa za kwao.

— Ehee! Hapo umenena! nikadakia mimi, maana uongo wowote ulikuwa afadhali.

Gridi akaweka kikombe chini.

— Wakati wa mapumziko niliwaambia tuzime, nibakize chaji ya dharura. Nikaambiwa nina roho mbaya.

Aliyemwambia ni mimi. Tena kwa kelele.

— Yamepita hayo, akasema Mzee Bonifas. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana...

— Mzee! Hiyo acha kabisa! nikamkatiza.

Mara Lupakisyo huyo, baiskeli imejaa tope, mkononi mfuko wa maandazi.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu. Hongera.

— Asante. Wakuu, nimetoka kumwona Magreti. Kanisimulia mlivyosukuma mpaka mkaanguka. Mungu awabariki sana. Na wewe Optatus, usijisikie vibaya, betri ikiamua kuzingua utaifanyaje? Chukueni, kuleni.

Tukachukua, tutakataaje? Profesa alilishika andazi lake tu, haliendi mdomoni.

— Dume, bwana! akacheka Lupakisyo. Sasa nisaidieni. Kule Lumuma hata redio haikushika. Nataka nimpe mtoto jina la aliyefunga goli jana. Nani alifunga?

Mzee Bonifas akakohoa. Profesa akainama kufunga kamba za kiatu, naye amevaa kandambili. Gridi akanikazia macho mimi.

— Hatujui, ndugu yangu, nikasema. Si umeme ulikatika?