Sufo Abdurremane, Aliyetanguliza Kitanda cha Shubiri Moja

Marehemu Sufo Abdurremane alizaliwa kisiwani Vamizi tarehe 3 Novemba 1938, katikati ya Ramadhani. Mama yake alisema alizaliwa kimya, akageuza macho kukitazama kitanda alicholazwa, kama anayetafuta kasoro.

Alisoma chuoni kwa mwalimu Mussagy. Juzuu zilimpita nyingi, kwa maana mikono yake haikutulia: alimtengenezea mwalimu kigoda cha kuwekea kidau cha wino, kwa vijiti alivyookota pwani. Akachapwa. Kigoda mwalimu hakukirudisha mpaka anakufa.

Mwaka 1957 alihamia Palma akawa fundi wa vitanda vya kamba. Mwaka 1966, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto, Wareno walituhamishia sote ndani ya aldeamento, kijiji chao cha kutufungia, nyuma ya seng'enge, na nyumba zetu zikachomwa na vyote vilivyokuwamo. Kabo, askari wao wa getini, akaweka sheria: asiingie mtu na mti unaozidi urefu wa mkono. Basi fundi wa vitanda akabaki na vijiti vya mkoko, magome, makombe na nyuzi za makumbi. Akatengeneza alivyoruhusiwa. Wazee walimweleza viti walivyoviacha, naye akawarudishia kila mtu chake, kikubwa kama kidole gumba, na kovu la shoka mahali pake. Mende mmoja alihamia katika kiti cha kuegemea cha Bi Benvinda akakataa kutoka wiki nzima. Waliomwona wapo hapa, waulizwe.

Mwaka huohuo wa kwanza alimposa Latifa, binti wa Bi Ancha. Kwetu bwana harusi huleta kitanda, mama mkwe hukikalia, na akiridhika humwambia, "Ingia ndani, mwanangu." Bila maneno hayo mume ni mgeni tu. Tarehe 11 Machi 1967 Sufo alikuja na kanzu yake safi, mkononi kitanda cha shubiri moja: matendegu manne, kamba zimewambwa barabara.

Bi Ancha alikigeuza juu chini. "Sufo, binti yangu ana miguu miwili na yote mirefu. Ataiweka wapi?"

"Hiki kimetangulia, mama," akajibu. "Mwenzake yuko njiani."

Bi Ancha, kwa kuwa makalio yake hayakuenea, alikikalisha jiwe la kusagia. Kitanda hakikulia. Akamwambia tu, "Haya, pita." Yale maneno mengine akayaweka.

Miaka saba walilala mkekani, wakajaliwa Awa na Chamima. Miaka saba Bi Ancha alimwuliza kila asubuhi yule mwenzake kafika wapi, na Sufo alimjibu kwa heshima kwamba anavuka mto, ana mguu mbaya, amepumzika kwa shemeji. Hakuna siku aliyokasirika. Kwa hilo Bi Ancha anamshukuru leo mbele ya watu, na kushukuru si kazi yake.

Mwanzoni mwa 1974 kifua kilimshika. Septemba bunduki ziliponyamaza na geti likafunguliwa, alikuwa amebaki mifupa na ubishi. Alikwenda mikokoni na Latifa. Yeye alichagua miti, mke akaikata na kuibeba. Bi Ancha alimsihi alale, kitanda hakina haraka. Sufo akasema, "Usinionee huruma, mama. Wewe kikalie tu."

Alikiwamba kwa siku kumi na tisa, akipumzika kila kamba tatu. Tarehe 20 Novemba Bi Ancha alikikalia. Alitafuta kasoro tangu asubuhi hadi adhuhuri, akajirusha mara mbili makusudi, hakuipata. Ndipo akasimama mlangoni, akamshika mkono mgonjwa.

"Ingia ndani, mwanangu."

Alikilalia kitanda chake siku kumi na tano. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Desemba 1974, alfajiri, Latifa akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, Latifa. Mabinti wawili, Awa na Chamima. Kaka yake, Cassimo. Na mama mkwe mmoja asiye na wa kumtania asubuhi. Kitanda kikubwa ndicho kilichombeba kuja hapa, na waliobeba wameona wenyewe, hakikulia. Kile cha shubiri kimebaki rafuni kwa Bi Ancha, na jiwe lake juu.

Apumzike Sufo wetu kwa amani. Na huko alikofika, mlangoni, asiwekwe miaka saba. Aambiwe leo hii, ingia ndani.