Mstari wa Ngoy Uliolala Chali

Benchi la kahawa la Pierrette liko Nchelenge, pale minibasi za Mansa zinapongoja abiria. Asubuhi hiyo Ngoy aliketi pembeni kabisa, kama mtu asiye na hakika ya kukaa. Mkewe Chouchou alikuwa amerudi kwa mama yake, kule kambi ya Mantapala. Chanzo kilikuwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokodi chumba nyuma ya soko ili wapime hisia za watu. Unafungwa nyaya kwenye vidole, unaonyeshwa picha, na moyo ukishtuka vidole vinatoa jasho kidogo, kompyuta inapandisha mstari. Kati ya nyoka na mamba walichanganya picha za simu ya Ngoy mwenyewe, naye Chouchou ameketi kando akingoja zamu yake. Picha ya mama mkwe ilipotokea, mstari uliruka mpaka juu ya kioo. Picha ya Chouchou ilipotokea, mstari ukalala chali. "Basi oa mama!" alisema Chouchou, akaondoka. Masikini Ngoy hakuweza hata kumfuata, maana kwao mwanaume hakanyagi uani kwa mama mkwe bila kuitwa.

— Kosa ni ya vidole, alianza Sampa, muuza samaki waliyembandika jina la Dokta kwa kuwa aliwahi kulazwa hospitali mwezi mzima. Ulipasua samaki asubuhi ile. Mafuta iliziba jasho.

— Na kwa mama mukwe juu ya nini haikuziba? aliuliza Pierrette, akimimina kahawa ya tangawizi.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Ile mezali inaingia hapa namna gani?

— Jasho, mama! Haba na haba!

Mwewa, aitwaye Satelaiti kwa sababu redio haimtoki sikioni, alitikisa kichwa.

— Awe mwe, hamujue kitu! Mashine inakula umeme. Siku ile radi ilipiga kule Pweto. Mustari ulipanda na radi, hapana na mama mukwe.

— Siku ile mbingu ilikuwa nyeupe, alisema Ngoy.

— Radi ya Kongo! Huku haionekanake.

— Hapana, alidakia Sampa. Mama na mutoto wanafanana. Mashine iliona mama, ikawaza ni Chouchou, ikamaliza mapendo yote. Mwenye mali alipokuja, akakuta sahani tupu!

Hapo Ngoy akapata tumaini.

— Dokta, weye njo utaenda kumuelezea?

— Miye? Na hii vidole yangu ya samaki? Hapana!

Wakacheka. Ngoy naye alicheka, lakini alimkumbuka mkewe mpaka kahawa haikuwa na ladha.

Minibasi kutoka Mantapala ikasimama. Akashuka mama mmoja mnene mwenye kitenge kipya. Ngoy kumwona tu, aliruka, kahawa ikammwagikia magotini, akampa mgongo na kuvuta kofia mpaka puani. Alikuwa mama mkwe wake.

— Mwe! alinong'ona Mwewa. Kama angekuwa na nyaya sasa, mashine ingepasuka!

Hapo benchi zima likaelewa kwamba mstari ule ulioruka ulikuwa heshima tu. Mama mkwe hakumsemesha Ngoy, haifai. Alimgeukia Pierrette.

— Mwanangu, juu ya picha yangu nimeisha kuelewa. Lakini ya mutoto wangu? Uniulizie hawa babwana: moyo ya mutu isiporuka akiona muke yake, iko inafanya nini?

Mwewa alishusha redio. Abiria wa minibasi wakachungulia madirishani wasikie.

— Pierrette, alisema Ngoy, mgongo bado umegeuka. Umwambie mama hivi. Tangu walinifunga zile nyaya nilikuwa na woga. Nikaona nyoka, nikashtuka. Nikaona mamba, nikashtuka. Njo akakuja Chouchou. Nikapumua.

Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akageukia minibasi.

— Chouchou, mwanangu, shuka.