Mama Mbu Anyoosha Mkono Wake

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja katika Hospitali ya Chuo Kikuu, muuguzi mkuu wa chumba cha kutolea damu anastaafu tarehe 30 Juni. Katika barua ya ajira ana jina jingine, lakini ukiliuliza langoni walinzi watadhani umepotea njia. Uliza Mama Mbu. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hutua, huchukua damu yake na kuondoka kabla mtu hajamaliza kukunja uso.

Alianzia wodi ya wanaume, akahamia kliniki ya presha, na kitengo cha utafiti kilipofunguliwa ghorofa ya pili alikuwa wa kwanza kupelekwa huko. Kazi ya kitengo ni kutafuta kwa nini dawa ileile humponya huyu na kumsumbua yule, ili kila mgonjwa apewe inayopatana na mwili wake. Sehemu kubwa ya jibu imo katika vinasaba tunavyovirithi kwa wazazi, na vinasaba husomwa katika damu. Profesa aliyeanzisha kitengo aliwaeleza wagonjwa jambo hilo kwa muda unaotosha mtu kusinzia na kuota ndoto. Mama Mbu alilieleza kwa viatu: ndugu wawili huvaa namba moja, mmoja akatembea na mwingine akachechemea, mbona basi tunataka kidonge kimoja kiwaenee wote?

Aliyemtoa jasho ni mzee mmoja fundi saa. Siku ya kwanza alikataa, akidai kwamba damu yake ni ya matumizi ya nyumbani. Siku ya pili alijitolea kuleta ya shemeji yake. Siku ya tatu Mama Mbu alimuuliza kama saa ya mteja ikisimama huwa anaitibu bila kuifungua. Mzee akacheka, na alipomaliza kucheka pamba ilikuwa imeshawekwa. Dawa ikabadilishwa, kizunguzungu alicholetewa na ile ya awali kikaisha, na duka lililokuwa limefungwa likafunguliwa tena.

Kitengo kina desturi moja: mwanafunzi anayejifunza kutoa damu, mkono wa kwanza anaoutoboa ni wa mwalimu wake. Ni desturi njema, kwani humfanya mwalimu afundishe kwa makini sana. Mama Mbu aliitetea vikaoni kwa nguvu zake zote. Hata hivyo, kila mwaka siku hiyo ilipofika alikuwa na mafua, au mkwewe alikuwa amepiga simu, au aliona ni utovu wa adabu kumtangulia Profesa. Profesa ni mtu mpole. Alinyoosha mkono mwaka baada ya mwaka, hata wanafunzi wakaamini kwamba desturi yenyewe ndiyo hiyo.

Mwaka jana mambo yalifichuka. Presha ya Mama Mbu mwenyewe ilipanda. Kidonge cha kwanza kilimkohoza hadi wagonjwa wakawa wanampa pole yeye. Cha pili kilimvimbisha miguu. Cha tatu kilimsinzisha akiwa ameshika mkono wa mtu. Daktari alionya kwamba kiharusi hakitangoja sherehe ya kumuaga. Dawa ya kumfaa ingetafutwa kwa njia ileile aliyowahubiria wengine, yaani damu. Hapo Mama Mbu akawa haonekani. Aliingia stoo, akatokea jikoni. Alipobanwa alimwambia Profesa kwamba yeye haiogopi sindano, anaiheshimu tu. Ndipo sote tukayaelewa yale mafua.

Mumewe alimbembeleza. Profesa alimweleza upya habari za vinasaba, na presha ikapanda zaidi. Siku hiyo fundi saa alikuwa kwenye benchi akingoja kupimwa, akasikia yote, akasimama mlangoni.

“Kumbe, mwanangu! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu?”

“Mzee wangu, damu yangu mimi ni ya matumizi ya nyumbani.”

“Basi nenda kaniletee ya shemeji yako.”

Benchi zima liliangua kicheko, na Mama Mbu naye akashindwa kujizuia. Mzee alimshika mkono wa kulia, na wa kushoto ukashughulikiwa. Ukelele wake ulisikika hadi langoni, na mlinzi mmoja alifunga geti kwa tahadhari. Lakini damu ilipatikana, dawa ikapatikana, na presha ikashuka. Anaondoka kwetu kwa miguu yake mwenyewe, isiyovimba.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya wanafunzi wapya. Mama Mbu alifika mapema, bila mafua na bila simu. Akaketi, akafumba macho, akamnyooshea mwanafunzi mkono wake, akimwelekeza mshipa ulipo kwa sauti iliyotetemeka kidogo tu. Hakupiga ukelele. Profesa, kwa mazoea, alikuwa ameshakunja mkono wa shati, akaambiwa aushushe.

Ahsante, Mama Mbu, kwa kila tone ulilolichukua, na zaidi kwa lile ulilolitoa. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokuchosha. Kliniki ya presha ni kila Jumanne. Usipotokea, tutamtuma fundi saa.