Safari ya Zablon Chibago Kwenda kwa Erica

Wachungaji, wazee wetu wa Zuzu, majirani wa Nkuhungu, watumishi waliofanya kazi na marehemu, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, mlionizidi umri shikamooni. Naitwa Lameck Petro Chibago, fundi mwashi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na kikao cha familia kimenipa karatasi moja niwasomee, ila nimeiongezea maneno kwa mkono wangu mwenyewe, na wenye kikao wataniuliza baada ya mazishi.

Marehemu Zablon Petro Chibago alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa Zuzu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Petro Chibago na marehemu mama yetu Raheli, akabatizwa mwaka huohuo, na alipofikia umri wa kuchunga akapewa ng'ombe kama watoto wote wa hapa, ambao aliwapoteza mara mbili kwa sababu ya kutazama mawingu, na mara zote mbili tulichapwa wote wawili, mimi nikiwa sijatazama wingu hata moja.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Zuzu kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akafaulu kwenda sekondari mjini Dodoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 1981, na mwaka 1983 akapanda treni kwenda Kigoma kwa mafunzo ya upimaji wa hali ya hewa. Tarehe 1 Julai 1984 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa kilichopo uwanja wa ndege wa Dodoma, ambako kwa miaka thelathini na mitatu alipima mvua, joto na mgandamizo wa hewa, akarusha puto, na kuwapa marubani habari za upepo, kisha mwaka 2017 akahamishiwa kazi ya kumbukumbu wizarani, akamalizia utumishi wake kwenye Mji wa Serikali wa Mtumba, na kustaafu tarehe 14 Machi 2023. Katika muda wote huo kaka yangu hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, na hili halimo kwenye karatasi ya kikao, nimeliongeza mimi.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Hilda, aliyekaa hapo mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Joshua aliyezaliwa mwaka 1989, Anjelina mwaka 1992, na Erica mwaka 1996, ambaye ni muuguzi, na tangu mwaka 2021 anafanya kazi katika mji mdogo wa Gander, kwenye kisiwa cha Newfoundland, nchini Kanada. Erica hayupo nasi leo kwa sababu vibali vyake vya kuishi huko bado vinashughulikiwa, na akitoka hataruhusiwa kurudi, hivyo anatusikiliza kupitia simu aliyoishika kaka yake Joshua, na ninaomba walio karibu na Joshua wasizungumze.

Februari mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia Juni 2023 akawa anakwenda kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, na daktari akamweleza waziwazi kwamba safari ya Kanada ya kumtembelea Erica aisahau. Tulikwenda kwa daktari wa pili, naye akasema hivyohivyo, tukafunga na kuomba, tukauliza habari za kupandikizwa figo, mimi nikapimwa na sikufaa, Joshua akapimwa naye hakufaa, na Erica alipotaka apimwe huko aliko, baba yake alimkatalia na hakutaka tena neno hilo litajwe nyumbani kwake. Hatukuwa na la kufanya, na wala hatukujua namna ya kukaa naye bila la kufanya.

Erica ndiye aliyemtumia kompyuta, pamoja na usukani wake na programu inayoiga urushaji wa ndege, na Joshua akaifunga sebuleni kwao Nkuhungu, mjini Dodoma. Mimi nilisema mbele ya watu kwamba mzee wa miaka sitini anacheza michezo ya watoto, na majirani wakaanza kumwita Kapteni, lakini haukuwa mchezo, maana alichagua ndege ya abiria ya zamani, ya miaka ya hamsini, yenye mapangaboi manne, akiniambia kwamba jeti hupita juu ya hali ya hewa na hii hukaa humohumo ndani, na hakukubali kamwe kuukimbiza muda, saa sita za angani zilikuwa saa sita za kukaa kwenye kiti.

Hivyo akapanga safari ya kwenda kwa Erica, kutoka Dodoma hadi Entebbe, Kano, Dakar, kisiwa cha Santa Maria katikati ya Atlantiki, na mwisho Gander, na kila kipande alikipangia wiki nzima kwenye madaftari ya hesabu, akiandika mafuta, upepo halisi wa siku ile, na uwanja wa kukimbilia mambo yakiharibika, kazi aliyoifanya kitandani huku damu yake ikizunguka kwenye mashine, kisha akaruka Jumamosi, siku ambayo mwili wake ulikuwa na nafuu. Wiki mbili aliahirisha kuondoka Dakar kwa sababu ya dhoruba, nikamcheka, naye akaninunia. Erica alikuwa akimfuatilia kwenye ramani ya mtandaoni, ambapo ndege ya baba yake ilionekana kama alama ndogo inayosogea, na walikubaliana kwamba siku ya kutua, Erica atakwenda kusimama nje ya uwanja wa kwao na kumpigia simu ya picha, ili baba auone kwa macho uwanja alioufikia.

Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, marehemu aliondoka Santa Maria, akitarajia kutua Gander saa kumi jioni kwa saa za hapa kwetu. Mimi nilikuwepo, nilikuja kupiga lipu ukuta wa choo, na saa nane mchana nikasikia shemeji ananiita, nikamkuta kaka ameinamia meza, pumzi haitoki, na badala ya kushika kifua alikuwa anabonyeza vitu kwenye kompyuta, anaiweka ndege izunguke mahali pamoja juu ya bahari. Nilimkaripia, na Mungu anisamehe kwa hilo. Alinishika mkono uliojaa saruji akasema, "Usiguse kitu, Lameck. Mafuta yapo mpaka saa mbili usiku. Nitarudi niishushe."

Jirani yetu Mzee Fulgence alitukimbiza hospitali kwa gari lake, wauguzi wakampokea, wakamwekea hewa, wakahangaika naye, nasi tukasimama ukutani, na saa kumi na dakika ishirini jioni mauti yakamfika.

Hapo karatasi ya kikao inakwenda moja kwa moja kwenye shukrani, nami siwezi kwenda. Erica alikuwa ameona ndege inazunguka, akapiga simu mara tatu, tukamjibu kwamba baba amepelekwa hospitali kidogo, na baada ya kifo sisi wakubwa tukakubaliana kama tunavyokubaliana siku zote, kwamba mtu aliye mbali na yuko peke yake haambiwi msiba kwenye simu, kwanza apate wa kumshika. Anjelina akamtafuta Ursula, rafiki wa Erica anayeishi mji mwingine wa kisiwa kilekile, naye akaondoka na gari, mwendo wa karibu saa nne, na sisi tukaapa kunyamaza mpaka afike mlangoni.

Nikarudi Nkuhungu kuandaa nyumba. Mnajua wote kinachofanyika, viti vinatolewa, mikeka inatandikwa, redio na runinga zinazimwa, na kina mama walikuwa wameanza kuingia wakilia, na sebuleni zile injini nne zinanguruma kwenye spika, nikaona aibu, msiba na kelele vitakaaje nyumba moja. Nilikumbuka alichoniambia, sitawadanganya kwamba nilisahau, ila niliona mwenyewe hayupo tena, nani atakuja kuishusha, na saa kumi na moja na nusu nikachomoa waya ukutani.

Haikupita dakika tano simu ya shemeji ikaita, nikaipokea mimi, kwa sababu yeye hakuweza kusema. Erica hakunisalimia, na huyo ni mtoto asiyekosa shikamoo. Aliuliza, "Baba mdogo, nani ameizima ndege ya baba?" Nikamwambia ni mimi. Hakuuliza kitu kingine, kwa kuwa alikuwa ameshajua, na Ursula alikuwa bado barabarani, zimebaki zaidi ya saa tatu. Nilirudisha haraka waya ule, nikabonyeza kila nilichoona kaka akibonyeza, na ilipowaka ndege ilikuwa imeegeshwa hapa Dodoma, injini zimezimwa, kama ambayo haijawahi kwenda popote.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa zaidi ya miaka miwili, na wagonjwa wenzake wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ambao nawaona pale nyuma na najua ilivyo taabu kwenu kufika, namshukuru Mzee Fulgence na majirani wote wa Nkuhungu, watumishi wa kituo cha hali ya hewa na wa Mtumba, wachungaji na kwaya, na Ursula, aliyekaa na mtoto wetu hadi leo.

Kikao kilitaka nimalizie kwa kuwaambia kwamba marehemu amemaliza safari yake, lakini jana nilimsomea Erica maneno hayo akayakataa, akaniomba niseme ilivyokuwa, na sina ujasiri wa kumnyima kitu cha pili. Basi, ndugu zangu, kaka yangu hakufika, zilikuwa zimebaki kilomita mia sita na kumi, mafuta yalikuwepo, na aliyemkatisha ni mimi. Zablon, mtoto wa mama yangu, pumzika kwa amani.