Dirisha la Wodi

Kwenye basi la kwenda hospitali, kiti cha mbele yangu, mhudumu wa wodi alikuwa akimpigia soga mwanamke aliyekaa naye. "Wa dini hii huniambia nifungue dirisha, roho ya mgonjwa wao ipate kutoka. Wa dini ile hutaka nifunge, isije ikarudi. Nami dirisha ninalo moja tu, dada yangu!"

Mwanamke hakucheka. "Jana mama yangu kafia kwenu, kitanda cha pembeni. Kwetu hufunguliwa. Mlifungua?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, dada. Tulifunga."

Mume wangu nilimzika nikiamini Mungu hahitaji dirisha, ila hapo niliinama mbele nisikie zaidi.

"Kwa hiyo bado yumo," mwanamke alinong'ona. "Kitanda chake kina mtu?"

"Kuna binti, kalazwa jana ile ile."

Basi liliposimama, mwanamke alishuka wa kwanza, akikimbia.