Ndoto Aliyoondoka Nayo

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi mlimwita Sista wa Upasuaji, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, nyumbani kwa bibi yake mkunga, ambaye kwake ndoto mbaya haikusimuliwa kwa mtu kabla ya maji ya bomba kuambiwa, ili ubaya uende na maji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, ambako mwalimu wa sayansi alimfundisha kwamba ndoto ni tumbo lililoshiba kupita kiasi, na alipoingia chuo cha uuguzi mwaka 1969 akaambiwa kwamba ni tamaa tunazozificha, kisha vitabu vipya vikasema kwamba ni ubongo unaofagia takataka za mchana, naye alicheka kwamba wataalamu hubadilisha maelezo kama mashuka ya wodi, ila woga aliorithi kwa bibi haukubadilika.

Alihudumu katika chumba cha upasuaji tangu 1972 hadi alipostaafu mwaka 2006, na tarehe 4 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyo hiyo, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 17 Juni 1988 mumewe aliandikiwa kupasuliwa kidole tumbo, na marehemu, aliyekuwa amemwota chini ya shuka jeupe, aliona aibu kuzungumza na bomba mbele ya wauguzi wenzake, akamsimulia mgonjwa mwenyewe, naye akaingiwa na hofu, akashuka kitandani, akarudi nyumbani kwa miguu yake, na baada ya siku mbili kidole tumbo kikapasuka, akafariki. Tangu hapo marehemu hakuiogopa ndoto, aliuogopa mdomo wake.

Alianza kuugua figo Januari 2023, na asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2024 aliamka, akaomba apelekwe bombani, miguu ikakataa, na binti yake mdogo, huyu anayewasomea, alipombembeleza amwambie alichoota, alimshika mkono akasema, “Hii naondoka nayo, mwanangu, usiniulize ni ya nani.” Alifariki saa nne kasoro robo, na toka siku hiyo familia inaogopa, hakuna haja ya kuficha.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliokesha nasi, na wauguzi aliofanya nao kazi, ambao leo asubuhi tuliwakuta wamepanga foleni bombani, bila kucheka.

Mama, tumekuachia bomba wazi. Pumzika kwa amani.